Mtambo wa maji taka pwani: tununue blowa au tupande matete?

SWALI: Habari injinia. Sisi ni jamii ya watu kama 3,000, tuko karibu kabisa na ufukwe, ukichimba mita moja na nusu tu unakuta maji. Kuna mfadhili anataka kutujengea mtambo wa kisasa wa kusafisha maji taka, mkandarasi kapendekeza ule wa kupuliza hewa kwa blowa, na maji yakishasafishwa tumwagilie bustani. Kuna mabomba ya zamani kidogo tutayaunganisha humohumo. Mchoro nimeuambatanisha. Hii itadumu kweli?

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Mchoro nimeuangalia, na kabla ya kubishana kuhusu blowa kuna kitu hakijatajwa popote, chumvi.

Maji ya ardhini yakiwa mita moja na nusu maana yake mabomba yenu yatalala ndani ya maji. Watu wengi wanadhani bomba la maji taka linavujia nje, pwani mara nyingi linavujia ndani, kiungo kimoja kikiachia bahari inaanza kuingia. Na wala haihitaji kuingia nyingi. Maji ya bahari yana kloridi, yani sehemu kubwa ya chumvi yenyewe, kama miligramu 19,000 kwa lita, sasa kwenye kila lita 100 zinazofika mtamboni tano tu zikiwa za bahari unapata karibu miligramu 950 kwa lita, na habari ya bustani imeishia hapo, maana hakuna blowa wala matete ya kusafishia maji yanayotoa chumvi, inaingia na inatoka vilevile. Mwongozo wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, unasema maji ya kumwagilia yakizidi desisiemensi 3 kwa mita (kipimo cha chumvi kwa jinsi maji yanavyopitisha umeme) yana vikwazo vikali, na hiyo asilimia tano ya bahari peke yake inakaribia kukufikisha huko hata kabla hujahesabu chumvi ya maji taka yenyewe.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kutafuta kile kimita kidogo cha kupima chumvi, halafu muende kwenye chemba za mabomba ya zamani usiku wa bamvua, yani siku za maji makubwa ya bahari, maji yakiwa yamejaa na watu wamelala. Saa hizo chemba inatakiwa iwe inachirizika tu. Ukikuta inakwenda kwa nguvu na kimita kimepanda, hiyo ni bahari. Rudieni maji yakipwa, tofauti mtaiona wenyewe, na mkifuata chemba moja moja mtajua ni kipande gani kimepasuka. Kitengenezwe hicho kwanza, mtambo baadaye. Mabomba mapya yawe ya plastiki yale yanayochomelewa, sio ya kuchomekana na mpira.

Chumvi ina ubaya mwingine. Bahari ina salfeti nyingi, yani chumvi yenye salfa, kama miligramu 2,700 kwa lita, na mahali pasipo na oksijeni bakteria wanaigeuza kuwa ile gesi inayonuka yai bovu, ikipanda kwenye dari lenye unyevu la chemba au tanki bakteria wengine wanaifanya kuwa asidi ya salfuriki, basi zege linaliwa kwa juu, ukichungulia chini unaona kila kitu kizima. Gesi hiyohiyo ndo inaua mafundi ndani ya chemba, na ikizidi pua inaacha kuisikia, yani harufu kupotea sio dalili ya usalama kabisa. Asishuke mtu bila kipima gesi na mwenzake kubaki juu.

Sasa blowa. Sio teknolojia mbaya, inasafisha vizuri na inachukua eneo dogo. Ila kwa watu 3,000 tukikadiria lita 100 kila mtu ni kyubiki 300 kwa siku (kyubiki moja ni lita 1,000), na mitambo midogo ya aina hii inaweza kula nusu uniti hadi uniti moja ya umeme kwa kyubiki, piga hesabu mwenyewe bili ya kila mwezi mfadhili akishaondoka. Umeme ukikatika muda mrefu bakteria wanakosa hewa na kuwarudisha ni kazi ya siku kadhaa. Halafu bakteria wanaweza kuzoea chumvi iliyotulia, shida ni ile inayopanda na kushuka, na bamvua inakuja mara mbili kwa mwezi.

Mimi ningejenga tanki la kutuamisha lenye kuta za ndani zinazofanya maji yapite chumba hadi chumba, halafu kitanda cha kokoto na mchanga kilichopandwa matete, maji yakimwagwa juu kwa vipindi ili hewa ipate kuingia katikati. Kwa sehemu yenye joto hesabu mita za mraba 1.5 hadi 2 kwa mtu, yani kama ekari moja hadi moja na nusu. Pampu ndogo ya sola inatosha, na kama mna mteremko hata hiyo haihitajiki kupeleka maji kitandani. Mabwawa ya wazi yanataka eneo kubwa zaidi ya hapo, kwenu sidhani.

Kitanda hicho cha matete kinageuza amonia, inayotokana zaidi na mkojo, kuwa naitreti, ambayo ikienda baharini inalisha mwani unaofunika matumbawe, kwa hiyo sehemu ya maji yaliyotoka irudishwe kwenye tanki la mwanzo ili bakteria waitoe kama gesi ya nitrojeni. Kuua vijidudu tumieni taa ya UV, yani ya mwanga wa urujuanimno, klorini ikikutana na amonia inaleta sumu kwa samaki. Bustani ikiwezekana iwe ya miti na kwa matone, mboga za kuliwa mbichi hapana.

Tanki lenyewe: pwani tanki tupu linaelea kama mtumbwi, siku mnalinyonya tope ndo siku maji ya ardhini yanalisukuma juu na kung'oa mabomba yote. Lazima sakafu iwe nzito na itokeze nje ya kuta ili udongo uikalie. Kwenye mchoro wako sakafu imeishia ukutani, mwambie mkandarasi arekebishe.

Na hilo tope lenyewe, kwenye mchoro sijaona linapelekwa wapi. Linatakiwa kitanda cha kukaushia kilichoinuliwa juu ya usawa wa maji, chenye paa kama mvua ni nyingi, na maji yanayochuja humo yarudi mwanzo wa mtambo. Msisaini kabla hajakichora na kukiweka kwenye bei.