Ufukwe umekaa tu miaka yote, tuanzie wapi kuutumia kwa muda?

SWALI: Shikamoo injinia. Sisi ni kikundi cha vijana hapa Tanga, karibu na mtaa wetu kuna kipande cha ufukwe chenye maghala ya zamani ya mkonge na gati dogo la zege, kimejaa vichaka na takataka. Tunasikia kuna mpango mkubwa wa kuliendeleza eneo hilo lakini hakuna anayejua lini. Tunataka tulitumie kwa muda, watoto wacheze, kina mama wauze vyakula jioni. Kitaalamu tuangalie nini?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kabla hamjawaza viti na taa, nendeni hapo na nyundo.

Kwenye gati za zamani hatari haiko juu, iko chini. Bahari inajaa na kupwa mara mbili kwa siku, na huku kwetu siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita tatu, sasa yakitoka yanatoka na mchanga kupitia nyufa za ukuta, miaka inaenda, chini ya zege panabaki pango na wewe juu unaona sakafu nzima kabisa. Kuna sehemu niliwahi kukagua, pikapu ilipita kama mita mbili toka ukingoni gurudumu la nyuma likazama mpaka ekseli, na asubuhi yake watoto walikuwa wanacheza mpira pale pale. Sijaisahau hiyo.

Kwa hiyo subirini bamvua, maji yakishatoka kabisa shukeni muutazame ukuta kwa mbele. Mkiona tundu linaloingia mkono, au mchanga unachuruzika, pigeni picha. Alafu pandeni juu mgonge zege kila hatua moja, likitoa mlio mkali mkavu endeleeni, likilia kama mtungi mtupu pigeni duara la chaki. Mkimaliza mtaona yale maduara yanajipanga yenyewe, mara nyingi ni mstari mmoja kando ya ukuta, hapo pote pakae kamba na gari lolote lisipite. Lakini nyundo haitoshi kwa mambo ya ngoma na umati, watu waliosongamana tunawapigia hesabu ya kilo 500 kwa kila mita ya mraba, hilo aje injinia mwenyewe aseme. Na maghala, kama paa ni la yale mabati ya asbesto, ambayo vumbi lake linadhuru mapafu, msiyavunje wala kuyatoboa, kaeni nje.

Kingine ni udongo, na hapa vikundi vingi vinakosea, siku ya kwanza tu mtu anataka bustani ya mchicha. Palipokuwa na karakana, oili na rangi za vyombo, udongo unaweza kuwa na mafuta na madini ya risasi. Amsterdam walikuwa na shida hiyo hiyo, sehemu inaitwa De Ceuvel, ilikuwa karakana ya meli, udongo umechafuka, manispaa ikaikodisha kwa miaka 10 tu. Wale jamaa hawakuchimba. Walichukua boti chakavu za kuishi wakazipandisha nchi kavu zikawa ofisi, wakaziunganisha kwa njia ya mbao iliyoinuka juu ya ardhi, na pembeni wakapanda mimea ya kufyonza sumu, mwaka 2014 wakafungua. Nyie hamna boti za hivo ila mna paleti na mapipa. Kila kitu kikae juu ya ardhi, miti ipandwe kwenye mapipa yaliyokatwa na udongo mlioleta kutoka kwingine, mboga za kula hapana mpaka udongo upimwe maabara.

Karatasi sasa. Nendeni ofisi ya ardhi ya jiji muulize mmiliki ni nani, manake unaweza kukuta gati lina mwenyewe na ghala lina mwenyewe. Sheria ya Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 toka ufukweni. Watu wanaiona kama ukuta tu, mimi naona inawapa lugha ya kuombea: hatujengi, tunaweka vitu vinavyoondoka kwa siku moja. Kibali bado mnahitaji, waulizeni jiji na NEMC, lile baraza la taifa la mazingira, mapema. Kwenye barua andikeni tarehe ya kutoka, nani anafagia, nani anashika funguo. Mwenye eneo haogopi watoto kucheza, anaogopa mtu ambaye siku mradi wake ukifika hatoki.

Kina mama wafanye kama Forodhani kule Unguja, meza na majiko vinakuja jioni na kuondoka usiku, asubuhi pako wazi. Ila choo na maji ya kunawa viwepo kabla ya jiko la kwanza, nawaomba sana kwenye hili, maana watu 200 bila choo ufukweni mnajua wataenda wapi.

Na kabla ya yote hayo kaeni pale siku mbili, moja ya kazi moja Jumapili, toka alfajiri mpaka usiku, muandike nani anapita na saa ngapi. Mkikuta wavuvi wanashona nyavu kwenye kivuli cha ghala, hao ndo wenyeji wenu, kivuli chao kibaki chao na muwaulize maji yanafika wapi bamvua kubwa ikija na upepo wa kusi, watawaonyesha kwa kidole.

Shughuli ya kwanza iwe Jumamosi moja tu, saa kumi jioni mpaka saa tatu, chagueni siku za maji mafu, yaani bahari haijai wala kupwa sana. Zile picha za ukuta nitumieni kwanza, nitawachorea kamba ipite wapi.