Je, kuuliza hesabu za mnada ni kumgusa masihi wa Bwana?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mzee wa kanisa katika usharika wa kijijini. Siku ya mavuno tulifanya mnada baada ya ibada, na mimi ndiye niliyekuwa naandika bei kwenye daftari. Kwa hesabu yangu tulipata shilingi 1,340,000. Jumapili iliyofuata ikatangazwa 890,000. Nilipouliza kwenye baraza la wazee, mhazini alinyamaza, na mchungaji wetu akasema, "Imeandikwa, msiwaguse masihi wangu." Kikao kikafungwa kwa sala. Katikati ya wiki, kwenye maombi, mama mmoja akatoa unabii kuwa ameona nyoka wa mafarakano amejiviringisha kwenye kiti cha mzee. Watu wakanigeukia. Mke wangu anaimba kwaya, sauti ya pili; mke wa mhazini anasimama pembeni yake, na sasa hawasalimiani. Je, ninyamaze ili amani iwepo? Au nisimame wakati wa matangazo niseme kweli kama manabii walivyofanya? Na mke wangu aache kwaya?

JIBU: Bwana Yesu asifiwe sana, mzee wangu.

Tuanze na hiyo aya uliyofungiwa nayo mlango, maana imefunga midomo mingi. Ni Zaburi ya 105, mstari wa 15. Soma mistari iliyotangulia uone inamzungumzia nani: Abrahamu, Isaka na Yakobo, wageni wachache wasio na nchi, wanaotangatanga kati ya wafalme wanaoweza kuwadhuru. Anayeonywa pale ni mfalme, asimwonee mgeni. Sisi tumeigeuza, ikawa ngao ya mwenye ufunguo wa kabati dhidi ya anayeuliza kilichomo.

Tena fungua Mwanzo 12 na 20, hadithi zenyewe ambazo Zaburi inazikumbuka. Abrahamu amefika ugenini, ameogopa kuuawa, amesema Sara ni dada yake. Nusu kweli, kama ripoti nyingi za fedha. Mungu alimlinda asidhuriwe, ndiyo. Lakini Farao alimwita akamuuliza mbona hakumwambia kuwa ni mkewe, na Abimeleki, mfalme wa Gerari, naye akamweka kitako akamuuliza ametutenda nini. Abrahamu ilibidi ajieleze. Hakuwajibu, "Mimi ni nabii, msiniguse." Kwa hiyo masihi hakuguswa, ila aliulizwa, na wasiomjua Mungu wake ndio waliomuuliza.

Daudi ndiye aliyeogopa kumgusa masihi wa Bwana kuliko watu wote. Mfalme Sauli, aliyekuwa akimwinda, alikuwa mkononi mwake pangoni, akakataa kumdhuru. Lakini alikata upindo wa vazi lake, akatoka nje akampigia kelele, "Baba yangu, tazama!" huku ameshika kile kitambaa. Adabu ipo, amemwita baba. Ushahidi upo mkononi. Na maneno yamesemwa mchana, mbele ya askari wa pande zote mbili. Wewe upindo wako ni lile daftari.

(Na kama masihi maana yake ni aliyepakwa mafuta, 1 Yohana 2:20 inasema sote tumepakwa. Bibi aliyeleta kuku wake mnadani naye ni masihi. Sadaka yake nayo isiguswe.)

Hata hivyo sikupi ruhusa ya kusimama wakati wa matangazo. Naomba nikueleze kwa nini, kwa kisa ambacho sijivunii.

Nilipokuwa mchungaji kijana, usharika niliopangiwa ulikuwa na mnada kila mwezi. Bibi mmoja alileta mayai mawili, ameyafunga kwenye ncha ya khanga. Unajua yanavyokwenda: mtu akanunua, akayarudisha yauzwe tena, mwingine akanunua akarudisha, watu wanacheka, mpaka mayai mawili yakafika bei ya mbuzi. Yule bibi alisimama mlangoni muda wote, akaniuliza, "Baba, mayai yangu yamefika ngapi?" Nikamwambia. Akapiga kigelegele. Jumapili iliyofuata jumla iliyosomwa ilikuwa ndogo kiasi kwamba, ukitoa mayai, haikubaki hata hela ya ndizi. Yule bibi hakusema kitu. Alinitazama tu. Nami nikasoma tangazo lililofuata, la ndoa.

Nilinyamaza miaka minne. Watu hawakunyamaza. Kisimani, kwenye pombe, njiani kutoka msibani, mhazini yule aliitwa mwizi, ila usoni pake aliitwa mzee. Mtoto wake alifukuzana na wenzake shuleni kwa neno hilo. Nilipohamishwa ndipo nikapata ujasiri, nikaenda kumuaga na nikamuuliza. Akaniambia bila hata kubadilika sura: siku ile mwinjilisti wa mtaa wa juu alizidiwa usiku, fedha ya mnada ndiyo iliyokodi gari na kulipa hospitali. Aliyempa ruhusa alikuwa mkubwa wangu kazini, kwa mdomo tu. Hati haikuandikwa. Akasema, "Nilingoja mtu aniulize. Hakuna aliyeniuliza."

Nimehubiri Amosi mara nyingi tangu siku ile, na kila nikifika kwenye haki kushuka kama maji, namwona yule mzee ameketi kwenye kigoda, ananiambia hakuna aliyemuuliza.

Sijui ya mhazini wako, na wewe pia hujui bado. Ndiyo maana uende kwake kwanza, nyumbani, si kwenye simu. Chukua daftari. Mwombe mkae mstari kwa mstari. Yawezekana kuna waliotaja bei kwa mbwembwe na hawajalipa mpaka leo. Minada yetu imejaa madeni ya aina hiyo, na 450,000 si ajabu kupotelea humo. Yawezekana kuna matumizi yasiyo na hati. Yawezekana ni wizi. Nabii Nathani naye, kabla ya kumwambia Daudi "Wewe ndiwe mtu huyo," alimwendea mwenyewe, akaanza na kisa cha mwanakondoo mmoja. Hakuanzia sokoni.

Lakini mtu asikufunge kwa Mathayo 18, isemayo umwonye ndugu yako kwanza mkiwa wawili tu, kama ulivyofungwa kwa Zaburi. Ukirudi bila jibu, jambo hili ni la baraza, kwa sababu fedha ilichangwa hadharani. Petro alipojitenga na watu wa Mataifa pale Antiokia, Paulo alimkemea mbele ya wote, kwa kuwa kosa lenyewe lilifanyika mezani mbele ya wote. Omba swali lako liandikwe kwenye muhtasari. Likikataliwa, andika barua, mtafute mzee mmoja au wawili watie saini pamoja nawe, nakala iende jimboni. Wapo wakaguzi, ndiyo kazi yao.

Nasema saini za wengi kwa makusudi. Tukitaja unabii tunamfikiria mtu mmoja amesimama peke yake na ndevu. Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda, Februari 1977, alikuwa na kila sababu ya kupiga kelele; askari walikuwa wameingia nyumbani kwake usiku kupekua. Yeye na maaskofu wenzake waliketi, wakaandika barua, wakatia saini wote, wakampelekea Idi Amin mwenyewe. Tarehe 16 mwezi huo Luwum aliuawa, serikali ikasema ni ajali ya gari. Jambo lako ni dogo mno kulinganisha, na hakuna atakayekuua kwa ajili ya mnada. Ila mwendo ni ule ule: neno lililoandikwa, lenye majina chini yake, likapelekwa kwa anayehusika.

Kuhusu ule unabii wa nyoka. Mama yule usigombane naye. Yeremia alipovunjiwa nira shingoni na Hanania mbele ya makuhani, hakurudisha neno. Biblia inasema tu alikwenda zake. Neno la Bwana lilimjia baadaye, ndipo akarudi. Unabii hupimwa, na 1 Wakorintho 14 inasema hivyo waziwazi. Wa kuupima ni kanisa, si wewe uliyetajwa, wala si siku hiyo hiyo. Kwa kawaida nyoka anayeonekana siku tatu baada ya kikao cha fedha huwa ametumwa na mtu, lakini hayo ni mawazo yangu.

Usijiuzulu uzee. Mnada ujao, omba waandishi wawe wawili, na jumla isomwe kabla watu hawajatawanyika, kuku wakiwa bado wanalia.

Mkeo asiache kwaya. Jumapili asimame pale pale pa siku zote. Mke wa mhazini hakuandika daftari lolote. Yeye ndiye aanze kumsalimia, na kama kitabu cha nyimbo ni kimoja, washike pamoja.