Saa ya Kompyuta Haisogezwi kwa Mkono

*Umeme ukikatika kompyuta yangu ya mezani inarudi miaka ya nyuma. Ni virusi? (Sinza)*

Ni betri inayoendesha saa umeme usipokuwepo. Badilisha ile ya duara, CR2032, volti 3. Swali hili nimeshalijibu mara nyingi mno.

*Saa ilikuwa nyuma kwa saa 3. Nikaisogeza mbele, sasa namba za siri za kuingilia kwenye akaunti zinakataliwa. (Mbagala)*

Umeharibu kilichokuwa kizima. Kompyuta huhesabu UTC, yaani saa moja ya dunia nzima, kisha hujumlisha 3 ili kukuonyesha saa ya Dar. Wewe ulikuwa umeiacha kwenye majira ya London. Ulipoisogeza, UTC yake ndiyo ikapotoka. Namba hizo hutengenezwa na programu ndani ya kompyuta, na hubadilika kila sekunde 30 kwa kufuata UTC. Chagua majira sahihi: kwenye Windows tafuta Nairobi, kwenye Linux ipo Africa/Dar_es_Salaam. Halafu washa usawazishaji wa intaneti na usiiguse tena.

*Niliirekebisha Jumatatu, Ijumaa imeachwa sekunde 6. Mashine mbovu? (Ubungo)*

Nzima. Saa yake inaendeshwa na kipande cha kwatsi (fuwele inayotetema), na kwatsi huyumba, hasa joto likibadilika. Kosa la sehemu 20 kwa milioni tu ni sekunde 1.7 kwa siku. Ndiyo maana kuna NTP, utaratibu wa kusawazisha saa kupitia mtandao: kompyuta huiuliza seva saa, hupima muda wa swali kwenda na jibu kurudi, kisha husahihisha taratibu, siku nzima.

*Seva zangu mbili za saa zinapingana. Niamini ipi? (Posta)*

Hakuna. Weka nne, mwongo ataonekana.

*Kamera za duka nazo zinahitaji haya? (Kariakoo)*

Kuliko kompyuta yako. Niliwahi kuitwa kuangalia rekodi ya wizi wa dukani. Kwenye kioo, kinachoonyesha saa 12 tu bila AM wala PM, iliandikwa 03:12, na mlinzi aliyeingia lindo saa 6 usiku alikuwa ameshashikiliwa. Nikamwomba mwenye duka afungue picha za sasa hivi: nje jua la saa 4 asubuhi, kioo kinasema 04:05. Fundi alikuwa ametia saa ya Kiswahili! Wizi ulifanyika 21:12, saa 3 usiku, kijana wa watu hajafika kazini.

Kwa hiyo leo, kabla ya kufunga duka, linganisha saa ya kamera na simu yenye mtandao. Ikiwa imepotoka, andika tofauti na tarehe kwanza, ndipo uisahihishe. Bila maandishi hayo, rekodi za nyuma hazitamsaidia mtu.