Jibu: Picha zinazochelewesha posti, na picha za kuokota mtandaoni

Mkuu, umeuliza mambo mawili: kwa nini posti zako zinachelewa kufunguka tangu uanze kuweka picha, na kama picha unayoikuta mtandaoni unaweza kuitumia tu. Umegusia pia kwamba maandishi kwenye picha zako yanatoka na ukungu. Nina miaka saba naandika blogu ya ufundi wa cherehani, na yote matatu yamenipata. Niwie radhi kwa urefu.

Nianze na jambo ambalo hukuliuliza, kwa sababu ndilo lililonichukua muda mrefu zaidi kulielewa: picha ifanye kazi gani hapo ilipo? Mwanzoni nilikuwa naweka picha nzuri nzuri tu. Niliandika posti ya kurekebisha uzi wa chini unaolegea, nikaweka picha ya cherehani nzima, inang'aa, imepigwa vizuri. Msomaji mmoja akaniandikia: "Fundi, hiyo skrubu unayosema ilegezwe iko wapi?" Nikaiangalia upya ile picha. Skrubu yenyewe ni ndogo kuliko punje ya mchele, iko ubavuni mwa kasha la bobini (kile kikasha kinachoshika gurudumu la uzi wa chini), na kasha liko ndani ya mashine. Kwenye picha yangu haikuwepo kabisa.

Nikairudia. Nilitoa kasha, nikaliweka juu ya kitambaa cheusi kisichong'aa karibu na dirisha, mwanga ukija kutoka ubavuni. Upande wa pili nikasimamisha karatasi nyeupe ili irudishe mwanga kidogo kwenye kivuli. Flashi nikaizima, maana chuma ukikipiga flashi kinakuwa doa jeupe tu. Mwanga wa ubavuni ukaingia kwenye ule mfereji wa kichwa cha skrubu, ukaacha kivuli chembamba, na hapo ndipo skrubu ikaonekana. Baadaye nikapiga nyingine, ncha ya bisibisi ikiwa imegusa mahali penyewe. Picha hizo mbili zimemaliza maswali niliyokuwa nikijibu kila wiki. Tangu siku hiyo, kabla sijaweka picha najiuliza: nikiitoa, msomaji atapoteza nini? Kama hapotezi kitu, haiingii.

Sasa ucheleweshaji. Simu nyingi hupiga picha ya megapikseli 12, yaani pikseli (zile nukta ndogo zinazounda picha) 4000 kwa 3000. Zidisha, unapata pikseli milioni 12. Ukiipunguza upana iwe 1200, kimo kinakuwa 900, na jumla ni pikseli 1,080,000. Umebaki na sehemu moja kati ya kumi na moja, na msomaji haoni tofauti, kwa sababu safu ya maandishi kwenye blogu nyingi haizidi pikseli mia nane hivi. Nasema 1200 na si 800 kwa sababu skrini za simu za sasa hubana pikseli nyingi mahali padogo, kwa hiyo picha yenye akiba kidogo hutoka kali zaidi. Picha pana sana naipeleka hadi 1600, sivuki hapo.

Nilikuwa na posti yenye picha tisa, kila moja kati ya MB 4 na 5. Jumla karibu MB 40 kwa mtu anayetaka kujua skrubu moja tu! Anayesoma kwa simu, kwa data yake mwenyewe, hatasubiri, na hana sababu ya kusubiri. Nilipozipunguza zote tisa, kila moja ikashuka chini ya KB 200, posti nzima haikufika MB 2.

Utaratibu wangu ni huu. Kwanza naitunza picha halisi pembeni, siigusi. Kwenye nakala naanza kunyoosha na kukata kinachozidi, ndipo napunguza vipimo, na mwisho kabisa nahifadhi kama JPEG, aina ya faili inayobana picha kwa kutupa sehemu ya taarifa zake, kwa ubora wa 75 hadi 80 kati ya 100. Usifungue JPEG na kuihifadhi tena na tena, maana kila mara inatupa kitu kingine. Natumia GIMP, programu ya kuhariri picha, ni ya bure. Kama hutaki kusakinisha chochote, Squoosh inafanya kazi ndani ya kivinjari na inakuonyesha picha ya kabla na ya baada ubavu kwa ubavu. Vuta kile kitelezi cha ubora polepole mpaka uanze kuona uharibifu, kisha rudi nyuma kidogo.

Na picha uliyotumiwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, tayari imeshabanwa. Mwombe mwenyewe aitume kama dokumenti.

Kuhusu ukungu kwenye maandishi, nina hakika unahifadhi picha za skrini kama JPEG. JPEG, ambayo kiwango chake kilitoka 1992, ilitengenezwa kwa ajili ya picha za kamera. Inagawa picha katika vijisanduku vya pikseli 8 kwa 8 na kutupa mabadiliko madogo ambayo jicho haliyajali. Kwenye shati au uso hutagundua. Kwenye herufi nyeusi juu ya karatasi nyeupe, ambako rangi inaruka ghafla, unaona vumbi la kijivu pembezoni. Picha za skrini, michoro ya mistari na nembo zihifadhi kama PNG, aina nyingine ya faili la picha, ambayo haitupi kitu. WebP, aina mpya zaidi, inaweza kazi zote mbili na faili lake mara nyingi ni dogo zaidi, kama blogu yako inaikubali, itumie. Picha za iPhone zinaweza kutoka kama HEIC, aina nyingine tena ya faili, hizo zigeuze kwanza ziwe JPEG. Na ile namba ya 300 dpi (nukta kwa inchi) watu wanayobishania ni ya uchapaji wa karatasi. Kwenye skrini zinahesabiwa pikseli tu.

Sasa picha za kuokota. Hapana mkuu, kuonekana kwenye matokeo ya utafutaji hakuifanyi picha kuwa ya bure. Niliwahi kuchukua picha ya cherehani ya zamani namna hiyo, na mpigapicha akaniandikia. Aliniandikia kwa upole, na hilo liliniuma zaidi, kwa sababu mimi mwenyewe nakasirika posti zangu zikinakiliwa. Niliitoa siku ileile na kumwomba radhi.

Siku hizi, nisipopiga mwenyewe naenda Wikimedia Commons, hazina ya mtandaoni ya picha zinazoruhusiwa kutumiwa. Kila picha pale ina ukurasa wake unaotaja mwenye kazi na leseni. Nyingi ni leseni za Creative Commons (CC), ambazo masharti yake huandikwa kwa herufi. Zisome hizo herufi: BY maana yake umtaje mwenye kazi, SA ukiibadilisha uitoe kwa leseni ileile, NC isiwe kwa biashara, ND usisambaze uliyoibadilisha. NC na ND utazikuta kwenye tovuti nyingine, Commons haizipokei. Kama blogu yako ina matangazo, NC mimi siigusi. CC0 haidai chochote, lakini mimi humtaja mwenyewe hata hivyo. Jina, leseni na kiungo viandike chini ya picha palepale. Na leseni inamhusu mpigapicha, haimsemei mtu aliyemo pichani. Sura ya mtu, hasa mtoto, iombee ruhusa.

Jambo la usalama: picha ya simu inaweza kubeba ndani yake tarehe na mahali ilipopigwa, kwa usahihi wa kuifikia nyumba. Msomaji mmoja aliwahi kunitumia kwa faragha ramani yenye alama juu ya paa langu, kunionya tu. Nilitetemeka. Zima kipengele cha kurekodi mahali kwenye mipangilio ya kamera, na kwenye GIMP unapotoa JPEG (Export) ondoa tiki kwenye data ya Exif, ndiyo inayobeba maelezo hayo.

Usisahau maelezo mbadala, yale anayosomewa mtu asiyeona. Msomaji wangu anayetumia programu ya kusoma skrini aliniambia kwamba kwenye posti zangu alikuwa anasikia "IMG" na mlolongo wa namba, picha baada ya picha. Sasa naandika hivi: "Kasha la bobini limeshikwa kwa vidole viwili, bisibisi ndogo imegusa skrubu iliyo juu ya springi bapa." Usianze na "picha ya", programu imeshamwambia ni picha. Faili nalo lipe jina la maana, kwa mfano kasha-la-bobini-skrubu.jpg.

Kwa posti zako za zamani, usijaribu kuzimaliza zote kwa siku moja. Anza na ile inayosomwa zaidi, punguza picha zake, kisha ifungue kwa simu ukiwa umezima Wi-Fi. Ukipata nafasi tuwekee hapa vipimo vya kabla na baada, na ile picha ya skrini yenye ukungu, tuiangalie pamoja.