Wageni Anawatembeza, Sisi Anatulalia Usingizi

*Shikamoo Shangazi,*

*Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 31. Nilizaliwa Busia, nikaolewa huku Bugala, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Ssese, Ziwa Victoria upande wa Uganda. Nauza chapati mwaloni, pale boti zinapotia nanga. Mume wangu ni mzaliwa wa hapa, anaendesha boti ya injini. Siku za wiki anabeba abiria na mizigo kati ya visiwa, Jumamosi wageni wa Kampala wanamkodi awazungushe. Jumapili ndiyo siku yake ya kupumzika. Analala mpaka saa nane mchana, akiamka anakwenda kibandani kutazama mpira.*

*Nikimwambia tuwatoe watoto, jibu lake ni moja: "Mnakaa kisiwani, mtoke mwende wapi tena?" Mkubwa wetu ana miaka tisa, na mchanga wa ufuo wa Lutoboka ambao watu wanalipa nauli kutoka Entebbe kuja kuukanyaga, yeye hajaukanyaga.*

*Jumapili moja nilichoka. Mimi na majirani wawili tulichukua watoto, tukamlipa kijana mwenye boti ndogo atupeleke kisiwa cha jirani, tukale samaki na mihogo, turudi. Tulikuwa watu kumi na mmoja, majaketi ya kuokolea hayakuwepo. Jioni upepo ulichafuka, tukachelewa. Tuliporudi tulimkuta mume wangu mwaloni. Aliingia majini na viatu vyake vya ngozi, akamtwaa mdogo begani, akaenda nyumbani bila neno. Leo ni siku ya kumi na mbili, anakula na kulala tu. Mama mkwe anasema nazurura.*

*Shangazi, kuwatoa watoto ni kosa? Au mume wangu anaona haya kuonekana na sisi?*

*Mama Watatu, Kalangala*

Marahaba, mwanangu.

Niliposoma barua yako mara ya kwanza nilimkasirikia mumeo. Mara ya pili nikaikasirikia ile boti. Mara ya tatu ndipo nikaviona viatu.

Wewe umevitaja kwa kupita tu, kama mtu anayetaja rangi ya shati. Hebu turudi hapo. Mwanaume wa mwaloni ana kandambili na ana mabuti ya mpira. Viatu vya ngozi ni vya ibada na vya msiba, na anayevivaa hukwepa hata tope la mlangoni. Huyu wako hakusubiri boti iguse mchanga. Aliingia navyo majini, na mikono yake ikaenda kwa mtoto kabla ya yote. Nawajua waume wenye hasira, nimepokea barua za wake zao miaka mingi. Mwenye hasira anasimama pakavu amefunga mikono, anakungoja ushuke ili akufokee mbele za watu. Mumeo hakufanya hivyo. Alisimama pale tangu saa ngapi? Hujaniambia, na nadhani hujui, kwa sababu hujamuuliza.

Wewe ni mtu wa Busia, mji wa mpakani. Ulikua ukiona malori na mahindi. Ziwa kwako ni kitu kizuri kilicho mbele ya macho asubuhi unapokanda unga. Yeye analijua vingine. Huenda umesahau mwaka 2018, lakini watu wa kazi yake hawajausahau. Mwezi wa Septemba kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, upande wa Tanzania, kikiwa karibu kufika kabisa, wakafa watu zaidi ya 200. Novemba, Jumamosi ya watu kustarehe, boti ya MV Templar ikazama upande wetu huku, Mukono, na zaidi ya 30 hawakurudi. Vyombo vyote viwili vilibeba watu kupita kiasi. Sisi wa nchi kavu tulisikia redioni, tukasema pole, tukaendelea kumenya matoke. Mwendesha boti akisikia habari kama hiyo, anajiona mwenyewe ameshika injini.

Sasa umpe habari kwamba mke wake na wanawe watatu wako nje, ndani ya boti ndogo ya kijana fulani, na upepo umechafuka. Na kisiwani habari haimngoji mtu apande boda boda. Nina hakika kabla hamjamaliza kula samaki wenu, mtu alikuwa ameshamwambia: "Nimemwona mama watoto wako."

Kwa hiyo kwenye swali lako la pili, hapana, haoni haya. Mtu anayekuonea haya hakuingilii majini na viatu vya kanisani mwalo mzima ukitazama.

Nikupe kisa changu. Marehemu mume wangu alikuwa dereva wa lori, Malaba na Kampala, Kampala na Malaba. Siku zake za mapumziko nilimsumbua kama unavyomsumbua wako: twende Jinja tukaone Nile inapotokea, watu wanatoka Ulaya kuja kuiona. Akawa ananitazama kama nimemwambia akalale barabarani. Siku moja nikashinda. Tukapanda taksi ya abiria, yeye kiti cha nyuma ya dereva, mimi pembeni, nimevaa gauni jipya la gomesi. Njia nzima mguu wake wa kulia ulikuwa unakanyaga breki ambayo haipo. Kila lori likitokea mbele, ule mguu unakwenda. Tulipofika Jinja alikuwa amelowa jasho, na mto hakuutazama, alitazama saa. Miaka mingi nilisimulia kisa hicho kuwachekesha watu. Sasa silichekei tena lile breki.

Wageni wa Kampala anawatembeza kwa sababu wanamlipa, na kile kicheko unachokiona akiwa nao ni sehemu ya nauli. Usikionee wivu. Hata wewe unamchekea mteja wa chapati anayekukopa.

Lakini simtetei kwa yote, nisije nikaletewa barua ya shukrani na chama cha waume. "Mnakaa kisiwani, mtoke mwende wapi" ni jibu la mtu aliyechoka asiyetaka kusema amechoka. Mtoto wa miaka tisa hawezi kulielewa hilo. Anachoelewa ni kwamba baba ana muda wa watu wenye kofia kubwa na miwani ya jua, na yeye ana muda wa kutumwa sukari. Kukaa mahali na kutembea mahali ni mambo mawili tofauti. Wangapi wamezaliwa chini ya Mlima Elgon na hawajafika maporomoko ya Sipi?

Basi nenda kaombe msamaha, lakini upime. Uombe wa boti, usiombe wa matembezi. Wanawake wengi tukiomba msamaha tunaufagilia kila kitu humo, kosa na haki yetu pamoja, halafu mwezi ujao tunaanza ugomvi upya. Mwambie: "Kupanda boti bila majaketi, na bila kukuambia, nilikosea, na sitarudia. Kutaka watoto watoke, hapo sikukosea." Kisha nyamaza. Mwachie nafasi akuambie alikuwa anawaza nini pale mwaloni. Akikaa kimya usiijaze kimya hiyo na maneno, wewe endelea kusonga posho yako. Wanaume wa aina hiyo husema wakati hujawatazama.

Akishasema, mpe matembezi yasiyo na maji. Hapo ndipo mlipokuwa mnapishana: wewe ukisema "tutoke", yeye anasikia injini. Bugala ina nchi kavu ya kutosha. Upo msitu pale kwenye mteremko wa Lutoboka, una kima na mbega, na watoto wako watakaa wanawahesabu mpaka njaa iwaume. Wenye pesa na waende kisiwa cha Ngamba kuona sokwe, wewe una kima wa bure. Iko pia barabara inayopita katikati ya michikichi, mistari mpaka macho yanachoka. Watu wazima tunaiona kama shamba tu la mafuta ya kupikia, lakini mtoto akiingia kati ya mistari ile anaona mji. Chukua mkeka, mayai ya kuchemsha, mandazi, chupa ya chai. Toka saa tano, usimwamshe alfajiri. Na akifika chini ya mti akajinyoosha akalala, mwache! Kulala kule na watoto wakimrukia tumboni si sawa na kulala chumbani mlango umefungwa. Kama kuna mpira saa kumi na moja, rudini saa kumi. Mwanaume anayejua kwamba Arsenal yake haijaguswa anatembea kwa miguu myepesi.

Mchanga wa Lutoboka mtoto ataukanyaga, hilo msilikose. Ila kukanyaga na kuogelea visichanganywe. Kichocho kipo katika ziwa hili, kinakaa na konokono wadogo wa majini, na hakuna ufuo ambao mimi ninaweza kukuapia kwamba ni safi. Kile kidimbwi kilichotulia chenye majani karibu na mwalo, watoto wasikiingie kabisa. Na dawa ya kichocho inapogawiwa shuleni au na wahudumu wa afya wa kijiji, hakikisha wako wote watatu wamemeza. Nimesikia akina mama wanawaficha watoto siku hiyo kwa sababu dawa inawatapisha. Wape chakula kwanza, kisha wameze.

Mkija kupanda chombo cha maji pamoja, siku moja, mwacheni yeye ndiye achague. Kuna feri ya Luku, hapo hapo Bugala, kwenda Bukakata upande wa bara, haina nauli, na kwa mtoto kuona basi linaingia ndani ya meli ni sikukuu tosha. Atakagua majaketi, atahesabu watu, atatazama mawingu. Mwache akague. Huo ndio ule mguu wa breki.

Tubaki na mama mkwe. "Kuzurura" ni neno baya na hakupaswa kulitumia, hapo alikosea. Lakini nikuulize, siku ile mlipokuwa mnafunga mihogo kwenye majani ya migomba, mlimwambia? Au alibaki na kuku? Mwanamke mzee wa kisiwani anayeachwa nyumbani bila kuambiwa, halafu saa kumi na moja anamwona mwanawe anatoka mbio kuelekea ziwani, ana haki ya neno moja baya. Safari ya kwanza ya kwenda msituni, mwalike, na umpe kazi ya kuongoza njia. Mwulize mbele ya watoto watu wake walifika lini hapo. Visiwa vya Ssese vilihamwa mwanzoni mwa karne ya 20 kwa sababu ya malale, serikali ya wakoloni iliwatoa watu wakaenda bara, na waliorudi walirudi miaka ya baadaye, familia moja moja. Kila ukoo uliorudi una kisa chake cha boti. Mwache akisimulie yeye, wewe ushike chupa ya chai. Akimaliza, kamwe hatasema tena kwamba unazurura, kwa sababu atakuwa amezurura na wewe.

Majirani zako wawili nao wana waume. Wapelekee habari ya majaketi. Kijana wa boti mwambie kwamba hujasusia biashara yake: akinunua majaketi kumi na mawili, utamrudia. Bila majaketi, asikupungie mkono.

Jambo la mwisho ni dogo. Viatu vile umevifanya nini? Ngozi ikiloa maji ya ziwa na kuachwa kona ya chumba hukakamaa kama samaki mkavu, na leo ni siku ya kumi na mbili. Vitoe. Vifute kwa kitambaa chenye maji kidogo, uvijaze magazeti, uviweke kivulini, jua kali lisivipasue. Kesho yake vipake mafuta, hata yale ya kupikia ukikosa ya viatu, mpaka vilainike. Kisha viweke mahali pake pa kawaida, karibu na mlango, usiseme chochote. Uniandikie akiviona amesemaje.

Shangazi