Stadi za Ekzosi Zilizokatika: Moto Kwanza, Drili Baadaye

SWALI: Ndugu Mhandisi, salaam. Nina Toyota Corolla yenye injini ya 5A ambayo nimeitumia hapa Tanga kwa miaka mingi. Kila asubuhi injini ikiwashwa husikika mlio wa kugongagonga upande wa ekzosi, nao hupungua injini ikishapata moto. Fundi alipoanza kufungua manifoldi (bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye injini) ili abadilishe gaskiti, stadi moja, yaani boliti isiyo na kichwa inayoishika manifoldi, ilikatika ikabakiza kipande kifupi nje, ya pili ikakatika usawa wa silinda hedi (sehemu ya juu ya injini), na nati mbili zimegoma kabisa. Sasa anataka kuzitoboa stadi hizo kwa drili na kuzing'oa kwa kile kifaa chembamba chenye hesi (michongo ya skrubu) za kushoto. Je, nimruhusu, au ninunue silinda hedi nyingine?

JIBU: Ndugu msomaji, usinunue silinda hedi. Lakini tafadhali mzuie fundi asitoboe kwanza. Stadi iliyokatika na kuachwa ilivyo bado ina njia kadhaa za kutoka, ilhali iliyovunjikiwa na kifaa cha kung'olea ndani yake huwa mzigo mkubwa hata kwa karakana yenye mashine. Kifaa hicho ni cha chuma cha pua kigumu mno ambacho hakipindi bali huvunjika, na kikishavunjika drili ya kawaida haikikati. Isitoshe, kwa kuwa kimechongwa kama kabari, kadiri kinavyozungushwa ndivyo kinavyoitanua stadi na kuibana zaidi ndani ya tundu.

Kilichozigomesha stadi na nati hizo ni kutu, ambayo huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo huzijaza hesi na kuzibana. Na hewa ya chumvi ya pwani huiharakisha. Kinachoweza kuuvunja mshiko huo ni joto, wala si nguvu ya spana. Nati zilizogoma zipashwe kwa mwali mwembamba wa gesi hadi zianze kuwa nyekundu, kisha hesi ziguswe kwa mshumaa ili nta iyeyuke na kuvutwa ndani. Fundi atumie soketi ya pembe sita, afungue kidogo, arudishe kidogo, kisha afungue tena, na akihisi stadi inaanza kujisokota aache mara moja na kupasha upya. Nati ikikataa kabisa, aipasue kwa tindo au grenda, kwani nati ni rahisi kuliko stadi.

Hapa kuna tahadhari moja ambayo mafundi wengi huisahau. Silinda hedi ya injini yako ni ya alumini, ambayo huyeyuka kwenye nyuzijoto za Selsiasi zisizozidi 660 hivi bila kuonyesha wekundu wa kumwonya mtu, kwa hiyo mwali uelekezwe kwenye nati pekee, usikae kwenye hedi.

Kwa stadi zilizokatika, manifoldi ikishatoka, njia ninayoiamini ni kuchomelea. Kwenye ile yenye kipande nje, nati ichomelewe juu yake. Kwenye iliyokatika usawa wa hedi, itangulie washa (kisahani cha chuma chenye tundu) ichomelewe kwenye stadi kupitia tundu lake, kisha nati juu ya washa. Madini ya kuchomelea chuma hayashiki kwenye alumini, na joto lake huilegeza kutu. Wekundu ukiisha, iguswe kwa mshumaa na kuzungushwa polepole ingali na joto. Kiungo kikikatika, achomelee tena. Kurudia mara kadhaa ni jambo la kawaida. Kabla ya kuanza, waya wa betri ufunguliwe, na sehemu hiyo isisafishwe kwa dawa ya breki yenye klorini, kwa sababu ikikutana na joto la kuchomelea hutoa gesi ya sumu inayoweza kuua.

Drili iwe ya mwisho. Alumini ni laini kuliko stadi, hivyo ncha ya drili hukimbilia upande wa alumini isipowekewa alama ya katikati kwa panchi (chuma chenye ncha kinachogongwa kwa nyundo) na kuongozwa na bomba la chuma lililobanwa mahali pake. Aanze na ya milimita 3. Kwa stadi ya milimita 8 yenye hesi za milimita 1.25, aishie milimita 6.8, kisha apitishe tepu (chombo cha kuchongea hesi). Hesi zikiharibika, tundu hupanuliwa na kuwekewa hesi mpya za waya uliosokotwa.

Wakati wa kufunga, badilisha stadi zote na nati zake, hata zile zilizotoka salama. Uso wa manifoldi upimwe kwa rula ya chuma, maana uliopinda utaikata tena stadi ya pembeni, kisha nati zikazwe kuanzia katikati kuelekea pembeni kwa kipimo cha kitabu cha gari.

Ikiwa fundi wako hana mashine ya kuchomelea, gari livutwe hadi karakana yenye nayo. Usiliendeshe kwa manifoldi iliyo wazi, kwa sababu kaboni monoksaidi inayovuja hapo haina harufu, nayo inaweza kuingia ndani ya gari mlimoketi.