Usinunue tanga la mtumba bila futi mkononi

Watu huniuliza sana naweza aje kukaa na yoti na mshahara wenyewe ni huu wa kawaida, jibu ni kwamba karibu kila kitu mle ndani kilikuwa cha mtu mwingine kabla yangu. Boti ni Westerly Centaur, futi 26, ina mikuku miwili, yaani mapezi mawili chini ya tumbo, kwa hiyo maji yakitoka hapa Kilifi inakaa wima kwenye matope bila kuegemezwa na chochote. Hizi Centaur zilitengenezwa Uingereza zaidi ya 2,000 kuanzia 1969, na kama bado hujanunua boti shika hilo kwanza, chukua aina iliyotengenezwa kwa wingi, sababu matanga yake hayakosi sokoni na vipimo vyake wenye boti wenzako wanavyo. Boti ya kipekee ni nzuri kwa picha, lakini kila kitu utashonesha upya.

Sasa vifaa vyenyewe vinapatikana wapi. Yoti nyingi za wageni hupanda huku na upepo wa kusi kutoka Madagaska na Komoro, halafu upepo wa kaskazi ukishika zinaanza kujiandaa kushuka, na mtu anayejiandaa kwa safari ndefu huwa anapunguza mizigo. Pale ndipo mimi huchukua kidau nikapiga kasia boti kwa boti kusalimia. Usianze na habari ya bei jamani, muulize tu ana nini kinachomlia nafasi, utasikia kuna tanga limelala chini ya kitanda miaka yote maana alishanunua jingine. Mara nyingine hata pesa hataki, anataka mtu wa kumpeleka Mombasa kutafuta betri au kumuonyesha fundi mzuri wa kuchomelea, na wewe unazijua hizo kona.

Tanga kuu jipya la boti kama yangu ni zaidi ya dola 1,000 kabla hujaongeza usafiri na ushuru, ndio maana kwenye matanga nina subira sana. Pima pande zote tatu za tanga lako, wa mlingoti, wa nyuma na wa chini, weka namba kwenye simu, na tanga unalouziwa ulitandaze kwenye nyasi ulipime wewe mwenyewe, usiamini maandishi ya kwenye mfuko. Halafu kwaruza mishono kwa ukucha, uzi ukikatika jua limeshaumaliza, lakini hiyo bado sio sababu ya kulikataa maana uzi hushonwa upya, fundi wa maturubai mwenye cherehani nzito anaweza ukimpelekea uzi wa polista, sio wa pamba. Cha kukataa ni kitambaa chenyewe. Shika ukingo wa nyuma karibu na juu kabisa, ambapo tanga hupigwapigwa na upepo, ujaribu kulichana kwa vidole. Likianza kuachia, shukuru uondoke, hata akisema chukua bure.

Ukiagiza kutoka Uingereza kumbuka ushuru Kenya unahesabiwa juu ya bei pamoja na usafiri na bima, kwa hiyo tanga la bei chee linaweza kufika likiwa ghali. Mimi nina binamu kule, akija likizo tanga la mbele linaingia kwenye begi la kilo 23 na nafasi ya chokoleti inabaki. Risiti awe nayo tu, forodhani wataulizia.

Nanga na cheni nunua mtumba bila wasiwasi, ila nanga ya CQR ina kiungo katikati, itikise, ikicheza sana acha. Cheni itazame pale pete zinaposuguana, ndipo huliwa kwanza. Winchi ya kukazia kamba izungushe kwa mkono usikie vimeno vya ndani vikigonga sawasawa, ya Lewmar spea zake bado zinauzwa, ya Barient kampuni ilishafungwa zamani na spea ni kazi kuzipata. Kamba za henza (za kupandishia tanga) na demani (za kulivuta na kulilegeza) ziloweke usiku kucha kwenye maji baridi yenye sabuni kidogo, ugumu mwingi ni chumvi tu.

Na msicheke, soko la Kongowea pale Mombasa kwenye mitumba kuna majaketi ya baharini ya Musto na Helly Hansen, yanachanganywa na makoti ya baridi na muuzaji hana habari. Geuza ndani uangalie, utando ukiwa unabambuka kama ngozi iliyoungua jua, mvua itaingia yote.

Lakini waya zinazoshika mlingoti, hapana kabisa. Stenlesi inang'aa nje huku kutu imeanzia ndani ya kile kichwa kilichobanwa kwenye ncha ya waya, maji yanakaa mle hayakauki, na huwezi kuona mpaka siku waya imeachia. Mafundi wengi husema zibadilishwe kila baada ya miaka 10 hadi 15 hivi, sasa ya mtu mwingine ambayo hujui umri wake unaichukulia nini? Majaketi ya kuokolea yale ya kujijaza gesi pia nunua mapya. Na fataki za dharura ukipewa bure na mtu anayeondoka soma tarehe kwanza, nyingi muda wake ni kama miaka 3, zikishapita ujue amekuachia wewe kazi ya kutafuta pa kuzitupa.